Karatasi ya Fataki na Karatasi ya Bastola

Jumamosi, 29 Novemba
Umuganda, kazi ya pamoja ya mutaa. Tulizibua mufereji wa chini ya musikiti, matope mpaka magotini. Halafu mukutano, halafu liste ya waliofika, kama kila mwezi. Nilitia sahihi. Jirani yangu Gaspard ndiye alikuwa anapitisha karatasi, na shati nyeupe, jembe hakugusa hata. "Mama mushonaji, kalamu hii hapa." Nilishangaa. Mwezi yote hii mutu hanisalimii.
Nikarudi kwa mashine. Gauni tano za harusi zinangoja. Mutoto wangu Salma alilala tena chini ya meza ya mashine. Tangu mabomu ya Goma ilipovuka mupaka ikatufikia huku, pale ndipo kwake. Miaka nane, na analala amejikunja kama paka.

Jumanne, 2 Desemba
Namuchukia Gaspard. Niandike wazi.
Muke wake, Mama Olive, aliniambia leo kwenye ukuta. Tarehe kumi na tatu wanafungua terasi mupya ya baa yao, na saa moja ya jioni watapiga fataki. Ruhusa imeshaombwa, majirani wote wamekubali. Majirani gani? Akaniangalia na huruma.
"Si hata we ulisaini, Mama Salma? Jumamosi."
Donc, kumbe ile haikukuwa liste ya umuganda. Juu, penye kichwa cha barua, alikuwa ameikunja. Alijua mutu hasomi ile karatasi, anasaini tu, maana jina yako ikikosa unaitwa kujieleza. Nilifika darasa la nne, lakini kusoma najua. Sikusoma tu. Mukono wangu mwenyewe ndiyo unamupigia mutoto wangu bomu.

Jumatano, 3 Desemba
Nilienda kwa mukuu wa mudugudu, kiongozi wa mutaa wetu. Karatasi imeshapanda wilayani, anasema, yeye alipiga muhuri tu. Nikasema nilidanganywa. Akacheka. "Mama, fataki ni rangi tu. Mutoto atafurahi." Nikamuambia basi aje yeye amutoe Salma chini ya meza siku mulango unajigonga. Akaacha kucheka. Kitu kingine hakufanya.
Nikamufuata Gaspard kwenye baa, mbele ya wateja wake.
"Nani alikukataza kusoma?" akasema. "Rudi kwa sindano yako."
Watu wakacheka. Nikarudi kwa mashine. Nikashona mukono wa gauni kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Ijumaa, 5 Desemba
Masanduku ya fataki imefika kwao. Salma aliuliza iko nini ndani. Nikasema soda. Sasa na mi nimekuwa mudanganyifu.
Nilifikiri kumupeleka Kanama kwa dada yangu siku hiyo. Haiwezekani. Ni njia ile tuliyokimbilia wakati wa mabomu. Tulishajaribu mara mbili, akaanza kulia na kutapika kabla gari haijaondoka hata. Baba yake iko na lori yake mbali, kwenye simu anasema tu, muzibe masikio na pamba. Pamba!
Jioni Mama Olive alituletea maandazi. Shavu yake imevimba. Anasema alijigonga kwa kabati. Sikuuliza.
Siku ya mabomu ni yeye alitufungulia mulango. Alituingiza chini ya ngazi yake ya saruji, akamuziba Salma masikio na mikono yake miwili. Ya kwake ilibaki wazi. Hiyo sitasahau.

Jumatatu, 8 Desemba
Kumbe kuko karatasi ya pili. Gaspard ameomba ruhusa ya bastola. Sababu ya wezi, anasema, na pesa ya baa. Kesho mutu wa usalama atapita kuuliza majirani tabia yake, na ukuta wetu ni moja na wake, donc ataanzia kwangu.
Leo alikuja mwenyewe, kofia mukononi. "Mama yangu." Yewe! Sasa mi ni mama yake. Akaweka kitenge muzuri mezani.
Nikamurudishia kitenge. Nikamuambia karatasi kwa karatasi. We ondoa ile ya fataki, na mi kesho nitasema we ni mutu muzuri.
Alinipima na macho muda murefu. "Kumbe we ni mufanyabiashara," akasema.
Saa kumi alirudi na barua ya kuondoa ombi lake la fataki, na muhuri wa ofisi. Hii niliisoma. Yote. Mara tatu, na yeye amesimama pale kama mwanafunzi. Nilifurahi sana. Furaha mbaya, lakini furaha.

Jumanne, 9 Desemba
Alikuja bwana mupole, na daftari. Anakunywa sana? Kiasi, kama watu wote. Anapiga kelele nyumbani? Hapana. Ulishasikia anapiga mutu? Salma alikuwa chini ya meza, anapanga vifungo. Nikaangalia vile vidole.
Nikasema hapana.
Akaandika, akanipa nitie sahihi. Nikasoma kwanza. Ilikuwa maneno yangu tu, hakuna hata moja aliyoongeza. Nikatia.
Ukuta wetu ni tofali moja. Nasikia hata kijiko ikianguka kwao. Miaka sita nasikia.

Jumamosi, 13 Desemba
Saa moja ya jioni ilifika, ikapita. Muziki, sahani, watu kucheka. Fataki hakuna, masanduku ilirudi jana. Salma alikula sahani mbili za wali. Halafu akatoka mwenyewe chini ya meza, akauliza kama anaweza kulala kitandani. Nilienda kulia jikoni.
Gaspard alinipungia mukono kutoka terasi yake. Kama rafiki. Nilitaka kumutupia jiwe.

Jumatatu, 29 Desemba
Mama Olive alisema asante kwenye ukuta, kwa sababu ya fataki. Anafikiri mume wake alimuhurumia mutoto. "Unaona, iko na moyo." Nikasema ndiyo. Nikaingia ndani haraka, nikasema chungu inaungua. Hakukukuwa na chungu.

Alhamisi, 15 Januari
Salma iko shuleni. Analala kitandani sasa, siku zote.
Mama Olive alileta gauni ipunguzwe, amekonda. Nilipomupima alisema ruhusa ilitoka wiki iliyopita. Bastola iko kwenye droo, upande wa mume wake kitandani. Gaspard alimuonyesha vile inajazwa. Alimuambia hata majirani walimusemea muzuri. Mama Olive hakuniuliza majirani gani. Nilikuwa na pini mudomoni.
Saa nane nilisikia Gaspard anaanza kumupigia kelele. Zamani Mama Olive alikuwa anamujibu, anamutukana hata, na mi nilikuwa najua bado iko sawa. Leo hakujibu. Sauti ya mutu moja tu, halafu hakuna.
Nimezima redio. Mashine nimeiacha. Naandika nimekaa sakafuni, chini ya meza, mahali pa Salma. Kumbe hapa sikio inafika vizuri kwenye ukuta.
Nangoja sauti ya Mama Olive. Kimya.