Nimepanda Paa la Mama Mkwe na Sola Mkononi

Mpendwa Shangazi Rispah, nisaidie haraka, kwa sababu hapa kwangu Tuwan, Kitale, anayeniongelesha siku hizi ni redio peke yake. Mimi ni mwalimu, na mke wangu Edinah ni mzaliwa wa Chwele kule Bungoma. Tulichoka na stima ya kupotea kila mawingu yakisimama juu ya Mlima Elgon, tukachukua sola ile ya kulipa pole pole, na fundi Kipkirui alipokuwa akiifunga mimi nilisimama chini nikiangalia kila waya, na alipoondoka nikajiona hata mimi ni fundi. Basi Edinah akasema mama yake bado anatumia koroboi na moshi unamwumiza macho, na ati hata simu lazima aitume sokoni kuchajiwa, ikirudi anaongea maneno mawili matatu imezima. Nikamwambia usijali, mama atapata mwanga, nikachukua sola nyingine kama yetu. Edinah akanipa ufunguo wa nyumba ya mama akidhani naenda na fundi.

Shangazi, nilienda Jumapili makusudi, mama akiwa kanisani, maana sisi Wabukusu mtu na mama mkwe wake hata mkono hawasalimiani, kwa hiyo nilijiona nina adabu sana bana. Nikamaliza balbu za ndani, nikaweka ngazi, nikapanda, na huko juu nikaona jua linapiga vizuri zaidi upande wa chumba chake cha kulala, nami nikafuata jua, nikaifunga hapo. Nilikuwa nimeketi pale juu, miguu huku na huku, msumari wa mabati umenishika suruali ikapasuka nyuma yote, ndipo nikasikia nyimbo. Mama alikuwa anarudi na kina mama wote wa kanisa. Wimbo ukakatika langoni. Mama akajifunika uso na leso akapiga nduru, "Uuuwi! Mkwe yuko juu ya kitanda changu!" Wale wengine hawakujifunika chochote, waliangalia mpaka wakatosheka.

Tangu siku hiyo mama amekataa kukanyaga nyumba ile. Anasema analala jikoni, ile nyumba ndogo ya nje, na koroboi yake, mpaka hiyo kitu itolewe juu ya kitanda chake. Mafundi wa Chwele hawataki kuigusa, wanasema ni mambo ya wakwe. Kila jioni mama anampigia Edinah simu akilia, kuanzia vyombo vikioshwa mpaka watoto wanalala, na wakimaliza Edinah ananiwekea ugali bila mboga. Ameapa kwamba mama akiugua kwa sababu ya moshi, atarudi Chwele kumtunza na mimi nitabaki na sola yangu. Sasa Shangazi, kuitoa lazima nipande tena, na nikiiacha naharibu macho ya mama na ndoa yangu pamoja. Nipande ama nisipande?

Ni mimi, Mukhisa.

SHANGAZI RISPAH ANAJIBU:

Mukhisa, usipande! Hata kwa mawazo, teremka.

Mwalimu mzima, uliona kumsalimia mama mkwe ni makosa, lakini kumkalia juu ya kitanda ni sawa? Ati ulifuata jua. Kwani upande wa sebuleni kulikuwa usiku? Na aibu haikuwa ya paa peke yake. Mama wa watu ametoka kuomba, anakuta mkwe ameanikwa kama mahindi mbele ya kanisa zima. Pole kwake. Na pole kwako pia, kwa sababu ulifikiria macho yake wakati wakwe wengine wanapeleka sukari tu na kurudi kwao.

Lakini nimesoma barua yako mara ya pili, pole pole. Zamani simu ya mama ilizima baada ya maneno mawili matatu. Leo analia jioni nzima, kila siku, bila kukatika. Hebu niambie, bwana fundi, hiyo simu anaichaji wapi? Kwa koroboi?

Mama hataki sola iondoke. Anataka heshima yake irudi, na irudi mbele ya macho yale yale yaliyoona. Kwa hivyo mtafute mjomba wako mmoja mwenye ulimi mtamu, mnunue blanketi zuri, muende Jumapili kina mama wakiwepo. Mjomba ndiye aongee. Wewe simama langoni, suruali iwe nzima, macho chini. Kipkirui hana ukwe Chwele, aje na ngazi yake, ahamishe sola mpaka upande wa sebule, na huko jikoni aongeze balbu moja. Wewe usishike hata msumari. Edinah naye mpeleke, aone ukinyenyekea, mboga itarudi.

Na simu ya mama, Mukhisa, usiitaje milele. Yeye akisema ameteseka sana gizani, jibu lako ni moja tu: "Pole sana, mama."