Niliikataa Programu ya Mektilda Iliyokuwa Sahihi

Mpendwa mshauri, tangu mwaka 1982, miaka minane sasa, nimeficha kwamba niliikataa kazi sahihi ya binti mwerevu kuliko mimi, na sasa moyo wangu umechoka na daktari hanifichi, ndiyo maana naomba msaada wako. Nilikuwa mkuu wa kompyuta katika ofisi moja ya pamba hapa Shinyanga, na kila programu ilipobadilishwa mimi ndiye niliyeisoma karatasini na kutia saini. Tulikuwa na faili la wakulima na faili la wafugaji, na kabla ya kuyaunganisha, mashine ilikadiria majina mangapi yangelingana, ili ichague njia fupi, lakini makadirio yenyewe yalikula dakika arobaini, kwa kuwa kila jina lenye watu wengi lililinganishwa na kila jina la faili la pili. Mektilda, binti huyo aliyekuwa chini yangu, akayagawa majina kama barua katika masanduku ya posta, kila jina likatafutwa kwenye sanduku lake tu, mistari ishirini na sita, misafi, hata leo naiona.

Nikamwambia, "Mwanangu, majina ya huku yanajirudia. Kila aliyezaliwa usiku ni Bujiku. Utawapoteza."

Akacheka. "Baba, akina Bujiku wako mia tatu na kumi, wote wamo, hata shemeji yako."

Nikaandika, "Inakosea majina yanayojirudia." Akahamishiwa ghala la Kagongwa kupima pamba, yuko huko hadi leo, na anaamini alikosea. Baadaye niliijaribu, ikatoa majibu yaleyale kwa dakika mbili. Nimwambie, au nimwache na amani yake?

Athanas, Shinyanga

Mzee Athanas, shikamoo. Nakuonea huruma, na jinsi unavyomsifu binti huyo imenigusa. Lakini amani gani hiyo, ya kupima pamba akidhani hana akili? Hiyo ni amani yako wewe. Wiki hii andika barua mbili, moja kwake, nyingine kwa mkuu wa ofisi yako ya zamani. Taja mistari ile ni ya nani na nani aliikataa, kisha uombe arudishwe kwenye kompyuta. Usijifiche nyuma ya ugonjwa. Na hilo "baadaye" lako limenisumbua. Baadaye lini? Nitajie siku.

Mama Euphrasia

Mzee Athanas ametujibu, na ameruhusu tuchapishe:

Barua zote mbili zimekwenda. Programu yake niliijaribu Jumatatu. Niliikataa kesho yake, Jumanne.