Salamu Zilizokatazwa Hewani

Baba Nekesa wangu,

Jana Nekesa alinipigia simu kutoka chuoni, chuo kilekile chetu, akaniuliza kama ni kweli baba yake aliwahi kupigana na kamati nzima kwa sababu ya salamu. Nikamwambia hukupigana. Ulisumbua. Kuna tofauti, na wewe ulikuwa upande wa kusumbua tangu siku ya kwanza nilipokutia machoni.

Unakikumbuka kile chumba? Kabla wanafunzi hatujapewa tufanye kituo cha televisheni, kilikuwa stoo ya viti vibovu. Tulikuwa na kamera moja, mtambo uliokuwa ukichemka hadi tunaupepea kwa magazeti, na waya zilizofika kwenye kumbi za mabweni tu. Hata mlinzi wa geti hakuweza kutuona. Lakini tulivyojiona sisi, wacha tu. Mimi msichana wa mtaa wa Tena nilikuwa katibu wa kamati ya vipindi, na sera ya vipindi niliiandika kwa mkono wangu. Hakuna kipindi kinachorushwa kabla kamati haijakitazama. Hakuna Sheng. Hakuna salamu, maana salamu ni za redio na sisi ni chuo kikuu. Na mwanakamati akiwa na ndugu yake kwenye kipindi, atoke chumbani wenzake waamue. Hiyo ya mwisho niliiweka baada ya mweka hazina kutujazia Ijumaa nzima na binamu yake mpiga kinanda. Usinicheke. Wewe hukumsikia huyo binamu.

Ukaja wewe, kijana wa mtaa wa Baba Dogo, shati nje, huna hata karatasi mkononi. "Niaje, wasee," ukaiambia kamati. "Mi nataka dakika kumi za salamu." Nikakujibu kwamba umevunja kanuni mbili hata kabla hujakaa. Ukavuta kiti, ukakaa.

"Katibu, manze, mathee hununua kadi za salamu za redio kabla hajanunua sukari. Anajaza majina ya ploti nzima. Hiyo nayo ni kosa gani?"

Sikusema ni kosa. Nilikuuliza swali moja tu: zitamfikia nani? Waya zetu zinaishia mabwenini. Utamsalimiaje mama yako aliye Baba Dogo kwa televisheni asiyoweza kuiona? Kamati ikaangua kicheko, kura zikapigwa, ukashindwa. Nikadhani umekata tamaa, kwa sababu nilikuwa bado sijakujua.

Siku moja tukiwa kantini nilikueleza habari za nyumbani, haraka haraka, kabla sijabadilisha nia. Mama yangu alikuwa amefariki likizo iliyotangulia. Baada ya kumzika Machakos nilirudi bwenini moja kwa moja, na Tena sikukanyaga tena. Nilikueleza kwamba mimi na baba tulikuwa tumezoea kuongea kupitia kwake. "Mwambie baba yako chai iko tayari." "Muulize Mwende kama ana nauli." Sasa mama hayupo, na sisi wawili tulikuwa tumebaki kila mtu na kimya chake. Yeye dereva wa lori, mimi mwanafunzi, simu nyumbani hakuna. Niliogopa kwamba nitampoteza baba naye, hivi hivi tu, kwa kunyamaza. Ukanisikiliza, ukaniuliza kama nitaimaliza chapati yangu. Nilikasirika. Nilikupa hiyo chapati ili uende zako.

Kumbe ulikuwa umesikia. Uliporudi mbele ya kamati ulikuwa na kaseti.

"Nimegeuza," ukasema. "Si mlisema salamu haziwezi kutoka hapa zifike mtaani? Sawa. Hizi zimetoka mtaani, zimekuja hapa."

Ulikuwa umezunguka na kamera Jumapili nzima, ukiwarekodi wazazi wakiwasalimia watoto wao walio mabwenini. Mwenyekiti akanitazama. Nikasema marufuku ni marufuku, lakini kanuni ya kwanza inatutaka tutazame, kwa hiyo tutazame. Akatokea mama yako na leso yake ya Jumapili, akakusalimia wewe na watu wa ploti nzima, kila mmoja kwa wakati wake. Akaja mchonga vinyago wa Majengo, amejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, akamwambia mwanawe ale vizuri, kwamba alimwona amekonda. Mweka hazina aliacha kutafuna njugu. Halafu ukasimamisha kaseti.

"Katibu, hii inayofuata lazima utoke."

"Kwa nini?"

"Kanuni yako."

Nikatoka. Nikasimama kwenye korido nimekunja mikono, nimeanza kuelewa. Mlango ukafunguka kidogo, nikaona kiatu chako kimeuzuia usijifunge. Mwenyekiti akalalamika. Ukamjibu, "Kanuni inasema atoke. Haijasema tufunge mlango."

Nikasikia kikohozi. Kile kikohozi cha baba yangu anapotaka kusema neno na hajui aanzie wapi.

"Mimi ni Kioko, dereva, wa hapa Tena. Namsalimia msichana wangu, Mwende." Akakohoa tena. "Ujumbe wangu ni kwamba nimejifunza kupika muthokoi. Haujawa kama wa mama yako, lakini unalika. Njoo tule."

Nililia palepale kwenye korido, katibu mzima. Wewe hukutoka kunibembeleza. Uliacha kiatu pale pale mpaka nikamaliza. Baadaye mwenyekiti akaniita ndani, akaniambia salamu zimepita na kila mkono ulikuwa juu.

Jumamosi nilienda Tena. Mahindi ya ule muthokoi yalikuwa hayajaiva sawasawa, tukatafuna mpaka taya zikauma, na baba akaanza kucheka kwanza. Akaniuliza yule kijana wa kamera ni nani. Nikasema ni msumbufu fulani wa chuoni. "Alinikataza kusema maneno makubwa," baba akasema. "Akaniambia niseme ya jikoni." Hapo ndipo nilipokupenda, Barasa, nikiwa na punje ya mahindi kwenye jino. Hukuwapo kuniuliza siku hiyo, na nikikumbuka nilivyokuwa na kiburi, nisingekujibu.

Kanuni ya salamu tukaifuta pamoja, na katika sera yote wewe ukaongeza moja tu ya kwako: salamu ziwe za walio hai. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemsalimia marehemu nyanya yake na ukumbi mzima ukajaa huzuni. Mimi niliona hakuna ubaya. Wewe ulishikilia. "Wasalimie wanaoweza kuitikia," ulisema, "wengine watajipanga."

Sasa sikia. Nekesa anasema kipindi kipo hadi leo, na sera ni ileile, imechapwa upya tu. Wenzake wamenialika nitume salamu hewani kama katibu wa kwanza. Nikasema vizuri, mtu wangu ninamjua. Nekesa akanisomea kanuni yako, polepole, kama anayenipa dawa chungu. Nilicheka hadi machozi yakageuka kuwa ya kweli. Umenifungia nje, mwanamume wewe, kwa kanuni yako mwenyewe, na mimi mtu wa kanuni siwezi kuomba wanipitishie.

Kwa hiyo hewani nitamsalimia baba. Amezeeka, anasikia kwa sikio moja, lakini anaitikia. Za kwako nazileta hapa. Nimekukosa, Barasa. Tangu tukuzike kule kwenu nimekuwa nikifika mlangoni jioni na maneno ya siku nzima mdomoni, na hapana wa kuyapokea.

Salamu hizi zikufikie popote ulipo. Najua waya zetu haziendi mbali. Ujumbe wangu ni kwamba mtoto anasumbua kama wewe, na muthokoi siku hizi unaiva. Safari hii wewe ndiye uliyetoka chumbani. Mimi kiatu changu kiko mlangoni.

Mkeo,
Mama Nekesa