Masikio ya Dereva wa Nyuma

Bungoma
12 Septemba 2004

Mpendwa ndugu yangu Naim,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na joto la Doha limeanza kuwahurumia. Sisi hatujambo. Kule Kiminini mahindi ya dada yako Shamira yamebeba vizuri, naye ameshaanza kuringa kabla hajavuna. Baba yako ni mzima, ila masikio, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Uliniandikia kwamba wenzako wanakucheka, ati baba yako ni dereva gani wa kukaa nyuma ya treni. Waambie hawajui reli. Treni ya abiria, hata ikifungwa vichwa viwili, vyote huwekwa mbele, kwa maana watu hawasukumwi kama mkokoteni. Ya mizigo ni habari nyingine. Ikipanda mlima imejaa saruji, kichwa kimoja huvuta mbele na kingine husukuma nyuma. Dereva wa nyuma haoni njia, wala hamwoni mwenzake. Huendesha kwa masikio. Wa mbele akipiga honi ya kusimama na wa nyuma akaendelea kusukuma, mabehewa ya katikati hubanwa mpaka yaruke reli.

Sasa Naim, baba yako hasikii. Ni mwaka wa pili huu. Mimi msaidizi wake ndiye niliyekuwa masikio yake: honi ikilia, namgusa bega, naye anajua la kufanya. Tulikuwa wawili tu tuliojua, na tulijiona wajanja sana.

Mwezi uliopita, tukipanda kutoka Webuye, Wabwile, dereva wa kichwa cha mbele, aliona ng'ombe relini akapiga honi ya kusimama. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilichelewa kidogo tu kumgusa mzee, na behewa moja likainua magurudumu, kisha kwa rehema za Mungu likarudi chini. Ndani ya behewa lililofuata alikuwamo gadi wetu, mwangalizi wa mabehewa, mtu mwenye watoto. Tulipofika juu Wabwile alituuliza, "Nyinyi huko nyuma mlikuwa mnarara ama?" Tukacheka. Tangu siku hiyo sijagusa chai kazini.

Halafu nikapandishwa cheo. Kuanzia mwezi ujao nakwenda kichwa cha mbele, na mzee atapewa msaidizi mwingine asiyejua lolote. Nilimwomba apumzike kabla sijahama. Akaniambia akikaa nyumbani atakufa kabla ya Ramadhani.

Basi Jumanne nilikwenda kwa msimamizi wetu nikamweleza kila kitu. Nilikwenda kimyakimya, mzee akiwa msikitini. Mtu aliyenilea baada ya baba yangu kufa, aliyenitafutia kazi hii kwa miguu yake, nimemsema mgongoni. Fadhila za punda ni mateke, na safari hii punda ni mimi. Najua nilifanya lililopasa. Naona aibu hata hivyo.

Jana mzee alikuja kwangu akiwa mchangamfu. Ameitwa hospitali Alhamisi akapimwe masikio, na anadhani ni utaratibu tu wa watu wa umri wake. Alinishika mkono akasema, "Shafi, si twende na wewe bana. Simama nyuma yangu. Ile mashine ya daktari ikilia, niguze bega vile tunafanyanga. Watajulia wapi?"

Nikamwambia nitakwenda.

Tafadhali usimwambie neno kwa simu. Nataka alijue kutoka kwangu.

Nisalimie mkeo Khairunisa na wanao. Mama anakusalimu, na Shamira anadai picha za mtoto mchanga. Mungu akufunike kwa rehema zake huko ugenini, na baba yako ampe moyo mpana, kwa sababu siku ya Alhamisi nitasimama nyuma yake kama alivyoomba, mashine italia, na mkono wangu utabaki mfukoni.

Ni mimi nikupendaye, ikiwa bado utanitaka,
Shafi