Yule Mama wa Mwezini Amefika, Baba

Baba yangu,

Nimechoka. Nimeshinda nikiongea darasani, kisha nikakaa na wazazi mkutanoni, na sasa hata salamu ya jirani naiona mzigo. Wanasema mwalimu lazima awe mchangamfu. Wewe hukuniambia hivyo hata siku moja.

Nakumbuka mwaka wa tisini na mbili, nikiwa darasa la saba, pale kituo cha kuuzia majani chai. Nilikuwa nimechuma asubuhi nzima, akili yote iko kwenye kitabu cha kuazima kisicho na jalada. Kilihusu mwanamke aliyeishi peke yake mwezini akilinda mitambo ya redio. Hakuwa na maneno mengi. Alisikiliza tu, na vyombo vilivyopotea angani vilipata njia kwa sababu yake. Mimi niliyeitwa bubu hata kanisani, nilikuwa nimepata mtu wa kufanana naye.

Karani akamwaga kikapu changu mezani, akakuta majani magumu tupu, si yale machanga yanayotakiwa.

"Hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Jirani yetu akakuambia, "Huyu msichana yako haongei, na sasa kuchuma pia imemshinda?"

Ulishusha majani chini, ukapiga magoti kwenye gunia, ukaanza kuchambua pamoja nami, ukitupa yale magumu.

"Mawazo yako ilikuwa wapi?"

Nikakuambia. Nilisimulia mpaka lori la kubeba chai likafika, na sikuwa nimewahi kuongea na mtu hivyo. Ukauliza, "Na huyo mama, alirudi kwao?" Nikasema kurasa za mwisho zimeng'olewa.

"Basi malizia wewe. Utaniambia."

Kila likizo nilipokuja nyumbani uliniuliza kama yule mama wa mwezini ameshafika. Nilicheka, nikasema bado. Nilidhani tuna muda.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Wengi walisimama kukusifu. Mimi nilipewa nafasi nikashindwa kufungua mdomo, na nikasikia nyuma yangu watu wakisema kwamba binti hana uchungu. Ninao, Baba.

Kwa hivyo pokea mwisho wa hadithi. Alirudi. Alishuka amechoka, hana neno, akamkuta mzee mmoja amepiga magoti kwenye gunia. Mzee akasogea kidogo, akampa nafasi, na hakumuuliza kwa nini amenyamaza.

Pumzika sasa.

Binti yako,
Cherono