Sarafu Zilizooshwa kwa Ndimu

Jumamosi, 11 Januari

Kadi nne tena leo. Mgongo unauma. Mezani ni mimi, taa, kioo cha kukuzia na wafalme wa Daktari Kulkarni. Wakshatrapa wa Magharibi, waliotawala Gujarati, India, zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Sarafu zao za fedha ni ndogo, hazizidi ukucha wa kidole gumba, na nyeusi kwa uzee. Mbele kichwa cha mfalme, masharubu na pua ndefu. Nyuma kilima chenye matao matatu, mto chini yake, mwezi na jua juu. Kuzunguka kilima wameandika: mfalme fulani, mwana wa mfalme fulani. Kila mmoja anamtaja baba yake. Bila sarafu hizi wengi wao tusingewajua kabisa. Majina mengi yanaanza na Rudra. Yananitia wazimu.

Daktari macho yamekwisha. Katikati ya kila kitu anaona giza. Anataka ukoo mzima upangwe mezani kwa zamu zao za kutawala, kwenye maonyesho ya chama chetu cha wakusanya sarafu, Februari mosi. Mara moja tu, kabla hajahamia kwa binti yake. Sarafu hizi hazijawahi kutoka nyumbani kwake Apple Valley. Mimi kaniruhusu nije nazo kwangu Maplewood niziandikie kadi za maelezo. Trei hii ya fedha ikiisha salama, atanipa ya pili, ya shaba na risasi.

Nilipoanza kazi ya eksirei hospitalini hapa, yeye ndiye aliyekuwa akisoma picha zangu. Mbovu alizirudisha bila kunidhalilisha. Ndiye mtu wa kwanza nchi hii kuniambia njoo ule kwangu. Sina cha kumlipa. Basi walau niandike kadi vizuri.

Jumanne, 14 Januari

Kazini, nyumbani, mezani. Baridi ya kukata masikio.

Daktari kanieleza jambo kwa simu. Mfalme akifa, kiti hakiendi kwa mwanawe. Kinakwenda kwa mdogo wake. Mtoto anangoja mpaka ami zake waishe. Hakuna aliyekaa akaliandika hili. Limejulikana kwa kupanga sarafu: huyu mwana wa nani, mwaka gani, cheo gani. Mwaka upo nyuma ya kichwa cha mfalme, ukijaliwa haujafutika.

Nikamsimulia mama mkwe wakati wa chakula. Akasema, "Hao ami walikuwa hawalali na mlango wazi." Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Mama yupo kwetu tangu Desemba, katoka Tanga kumtembelea binti yake, mke wangu Zuhura. Hatoki nje kwa baridi. Kwa hiyo anasafisha. Masufuria yote sasa unajiona uso. Mabomba pia. Nilimwambia apumzike, mara moja, kwa adabu. Mkwe hasemwi mara mbili.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimezitazama nyuso tu. Wafalme wa mwanzo ni watu kweli. Mmoja ana mifuko chini ya macho, mwingine shavu limeshuka. Ningemkuta hospitalini ningemjua. Wa mwisho wote sura moja. Mchongaji hakumtazama mfalme, alitazama sarafu ya jana. Herufi za Kigiriki zinazozunguka kichwa, urithi wa sarafu za kale zaidi, nazo hivyo hivyo: walizinakili watu wasiozisoma mpaka zikawa mikwaruzo.

Halafu wakaja Wagupta, ukoo mwingine wa kifalme, wakawashinda, na sarafu hawakuitupa. Kichwa wakakiacha kile kile. Wakatoa kilima, wakaweka ndege wao mtakatifu, Garuda. Mshindi kavaa shati la aliyeshindwa!

Nina furaha. Naiandika hapa maana mdomoni haitoki.

Jumatatu, 20 Januari

Ee Mola wangu.

Nimerudi kazini nikakuta sarafu zimepangwa juu ya taulo, zinameremeta. Trei nzima. Mama kazisugua kwa ndimu na majivu. Majivu kayachota kwenye jiko la kuchomea nyama, huko nje, kwenye theluji, kavaa buti zangu. Mtu asiyetoka nje hata kupokea barua.

Alisikia wageni watakuja kuzitazama. Vitu vyeusi namna ile mbele za wageni ni fedheha, akaona mkwewe asiaibike. Kasimama mlangoni anangoja nifurahi.

Nilisema ahsante Mama. Nikaingia bafuni nikafunga mlango.

Sheria ya kwanza ya mkusanyaji: sarafu haisuguliwi. Weusi ule ni ngozi yake, imeota kwa mamia ya miaka. Ukishautoa haurudi. Na vibahasha vyake vyote, vilivyoandikwa majina, Mama kavitupa, vilikuwa vimechakaa. Hata zamu zimevurugika.

Nina hasira. Sina pa kuipeleka.

Jumanne, 21 Januari

Sijampigia Daktari. Mwoga mimi.

Zamu nimezirudisha. Nimekaa na chati ya herufi, nikasoma baba wa kila mmoja, nikamrudisha kwa wazee wake. Wenyewe wamenionyesha pa kuwaweka. Weusi ndio siwezi kuurudisha.

Zuhura kamwambia mama yake ukweli. Mama hakula.

Alhamisi, 23 Januari

Nimempigia Daktari. Nimesema yote. Akasema: njoo Jumamosi. Akakata.

Nimempoteza. Nahisi hivyo.

Jumamosi, 25 Januari

Mama alikataa kubaki nyumbani nilipokwenda kwa Daktari. Kavaa kanga mbili juu ya koti zito la Zuhura.

Daktari alizishika moja moja kwa ncha za vidole. Alikasirika, na hakuficha. Alisema weusi ule ulikuwa na mikono ya baba yake ndani, ndiye aliyemwachia sarafu hizi. Sijawahi kumwona hivyo.

Mama hakujitetea. Hakutaja wageni wala fedheha. Akaniambia, "Mwambie nimeharibu cha baba yake. Namwomba radhi, na asinisamehe haraka."

Nilitafsiri. Daktari akasema tule, chakula kinapoa.

Mezani aliniambia nibadilishe kadi. Sarafu iliyosuguliwa lazima isemwe imesuguliwa, ndiyo uungwana wa chama. Akauliza Mama anaitwa nani. Mwanaidi, nikasema. Akauliza, binti wa nani?

Jumamosi, 1 Februari

Ukoo mzima mezani, tangu wale wenye mifuko chini ya macho mpaka wale wa sura moja. Mwisho kabisa, yule wa Wagupta na ndege wake.

Kadi ya chini inasema: Zimesafishwa Maplewood na Mwanaidi binti Shekue, wa Tanga. Alivyotaka Daktari, neno kwa neno. Bwana mmoja wa chama alitikisa kichwa, akasema hasara iliyoje. Daktari akamjibu kwamba ni kweli, hasara. Halafu akamvutia Mama kiti.

Mama alikaa karibu naye mchana kutwa. Kila aliyenyoosha mkono, Mama alimtazama mpaka akaurudisha.

Jumapili, 2 Februari

Tumepita Apple Valley kumrudishia Daktari trei yake. Nilijua ndiyo mwisho. Trei ya pili, ya shaba na risasi, ingebaki bila kadi, na nisingethubutu kuiomba.

Tulikunywa chai. Tukaaga. Tulipokwisha kuingia garini Daktari akatoka, bila kofia, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja. Mkono mwingine umebeba trei ya pili. Nilishusha kioo. Akanipita, akazunguka upande wa Mama, akaiweka mapajani mwake.

Mama kaishika kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Namshukuru Mungu.