Mshtarii Imehama na Mbegu Bado Ziko Ndani

Alhamisi, baada ya chakula cha jioni. Joto la kubana kifua, na mawingu upande wa Kitui.

Ninyi mnaosoma hapa mmepotelea wapi? Msimu mzima hakuna aliyeuliza kama mimi ni mzima au nimezikwa. Mnangoja matanga ndiyo mje mkiwa mmevaa vizuri. Haya, kaeni. Leo siwagombezi sana kwa sababu naogopa.

Shule sikuenda, kwa hiyo simu naiambia nayo inaandika.

Huku Kathonzweni tunapanda kavu. Mbegu inaingia kwenye vumbi, ingojee mvua humo, kwa maana mvua yetu ni fupi. Ukichelewa, ndengu inatoa maua mvua imeshaenda zake. Wanawake wa mwethya, hao tunaolimiana mashamba kwa zamu, huniuliza mimi siku ya kuanza. Nami hutazama Kilimia, zile nyota ndogo zilizojikusanya kama vifaranga. Kikichomoza giza likiingia, tunapanda.

Lakini vifaranga sivioni tena. Macho yameisha.

Sikumwambia mtu. Mwaka jana, nilipokuwa bado naviona kwa shida, kulikuwa na nyota kubwa jirani yao. Nikasema, huyu ndiye mama yao, nikishindwa kuwaona watoto nitamfuata yeye. Mwaka huu nimemngoja jioni baada ya jioni, hatoki. Kwa hiyo wanawake nimekuwa nikiwaambia: bado.

Leo mjukuu wangu Ndunge amekuja kutoka mjini Wote, anakouza dawa za mifugo. Tumekula, tukatoka nje, nikamuuliza mbona nyota yangu imechelewa.

"Susu, Kilimia kile pale, kimeshapita paa la jiko."

"Na mama yao, ile nyota kubwa ya mwaka jana iliyokuwa kando yao?"

"Hana watoto huyo. Hiyo ni Mshtarii, ni sayari. Inazunguka jua kama dunia, ila kwa mbali na polepole."

"Usinichezee. Mimi ndiye niliyekuosha matako."

Akacheka, akaweka jiko la makaa katikati ya uwanja, akasema hilo ndilo jua. Mimi nikaambiwa nilizunguke karibu, mimi ni dunia. Yeye akaenda kando ya ua, akawa Mshtarii. Nilipoanza, nyuma yake niliona ghala. Nilipomaliza mzunguko wangu na kurudi palepale, alikuwa amesogea kidogo tu, lakini nyuma yake sasa nikaona zizi la mbuzi.

Nikakaa chini.

Ghala ndiyo Kilimia. Haikuhama. Nilimfuata mpita njia nikidhani ni mwenye nyumba, na siku ya kupanda ikapita. Na mimi mwenyewe, niliyejiona nimesimama, nilikuwa njiani miaka yote hii, hakuna nilichoshika.

Hilo peke yake linatisha. Lakini kinachoniuma zaidi ni Mbithe.

Mbithe ni mjane, shamba lake liko chini ya langu. Wengine walianza kunung'unika, na nasikia wawili wamepanda kwa siri. Mbithe hapana. Alisema Susu akisema bado, ni bado. Ndengu zake ziko kwenye kibuyu na majivu, watoto wake wanne wanangoja kuzila. Mvua ikishuka usiku huu, kila mtu kesho atakimbilia shamba lake mwenyewe. Nani atamlimia Mbithe?

Sasa hivi umeme umemulika tena kule Kitui.

Mungu, ishike mvua hata siku moja.

Kesho kabla kuku hawajashuka nitakuwa mlangoni kwake na jembe. Nitamwambia macho yameisha na kwamba nilimdanganya bila kujua. Halafu nitapita kwa wale wengine wote niwaambie hivyo hivyo. Wakinicheka, wacheke wakichimba.

Na ninyi, mkirudi hapa, msiniulize habari ya macho. Piteni kwanza kwa Mbithe, mtazame kama ndengu zimeota. Shamba likiwa tupu, kwangu msisumbuke kubisha. Nitakuwa huko kwake, na kila mmoja wenu aje na jembe lake.